Jokofu Halitengenezi Baridi



Siku tatu kabla ya Idi ya Kuchinja, jokofu la nyumbani kwa dada yangu, mjini Tanga, lilianza kushindwa na kazi yake. Maziwa yalikatika, maji hayakupoa, na mashine ilinguruma usiku na mchana bila ya kupumzika. Katika nyumba hiyo anakaa bibi yetu, mtu mzima mwenye maradhi ya sukari, na dawa yake ya insulini huhifadhiwa humo humo. Basi wasiwasi ukawa mara mbili: nyama ya Idi itawekwa wapi, na dawa ya bibi itakuwaje?

Aliitwa fundi wa kwanza. Alilitazama jokofu kwa mbele tu, akasema gesi imekwisha, akataja bei ya kuijaza. Akaja wa pili, akasema mashine imekufa na sharti inunuliwe nyingine. Bei aliyoitaja ilikuwa karibu sawa na fedha zilizotengwa kwa mbuzi wa udhiya. Shemeji alikwisha kuzitoa kabatini fedha hizo pale mjomba wetu alipobisha hodi kuja kutuamkia. Mzee huyu katika ujana wake alikuwa akitunza vyumba vya baridi melini. Baada ya "shikamoo, mjomba" na "marahaba, wanangu," alielezwa mambo yalivyo, akauliza neno moja tu: "Mara ya mwisho mlilivuta jokofu hili kutoka ukutani lini?"

Hapana aliyeweza kumjibu. Tulipolivuta, tuliona mabomba ya nyuma yamevikwa vumbi lililoshikana na mafuta ya jikoni hata limekuwa kama blanketi, na kati ya jokofu na ukuta umesokomezwa mfuko wa magunia matupu. Mjomba aliagiza plagi ichomolewe, akaomba brashi laini, akafagia. Kisha alisafisha mpira wa mlango, akaacha nafasi nyuma, akaliwasha. Kufika usiku baridi ilikuwa imerejea. Fedha za mbuzi zikarudi kabatini.

Nimeeleza habari hii kwa sababu yaliyotokea katika nyumba ile hutokea katika nyumba nyingi, na asili yake ni kutojua jambo moja jepesi. Mjomba alilisema hivi: "Wanangu, jokofu halitengenezi baridi. Jokofu huondoa joto. Mkilizuia lisitoe joto nje, mtalipaje lawama kwa kukosa baridi ndani?" Ajuaye maana ya maneno haya amekwisha kujua nusu ya ufundi.

JOTO HUENDA WAPI?

Wazee wetu waliijua hekima hii kabla ya umeme. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa kuwa maji machache hupenya kwenye udongo, hufika nje, hukauka kwa upepo, na katika kukauka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Hata sisi, tukitoka kutawadha na upepo ukatupiga, twahisi baridi usoni na mikononi kwa sababu hiyo hiyo: kila kioevu kinapogeuka kuwa mvuke huchukua joto.

Jokofu hufanya kazi ya mtungi, ila kioevu chake hakipotei. Ndani ya mabomba yake yaliyozibwa pande zote imo gesi maalumu. Mashine iliyo chini kwa nyuma, ambayo mafundi huiita kompresa, huibana gesi hiyo hata ikawa moto. Gesi hupita katika mabomba ya nyuma, huacha joto lake chumbani, na kugeuka kioevu. Kioevu hicho husukumwa kupitia kibomba chembamba mno, kisha huingia katika mabomba ya ndani yenye nafasi. Hapo huchemka na kuwa mvuke, na katika kuchemka huchukua joto la chakula na hewa iliyomo. Mvuke hurudi kwenye mashine, na safari huanza tena.

Katika majokofu mengi ya siku hizi mabomba ya joto hayaonekani, kwa kuwa yamefichwa ndani ya kuta za ubavuni. Ukigusa ubavu wa jokofu la namna hiyo na kuhisi uvuguvugu, usiogope. Hilo ndilo joto la chakula chako likitoka.

Kwa maelezo haya utafahamu kwa nini yule anayeacha mlango wa jokofu wazi ili chumba kipoe hujisumbua bure. Joto linalotolewa mbele hurudishwa chumbani kwa nyuma, pamoja na joto la mashine yenyewe, na mwishowe chumba huzidi kuwa moto. Utafahamu pia kwamba gesi ya jokofu haiishi kwa kutumika kama yaishavyo mafuta ya taa. Ikiwa imepungua, basi pana tundu inapotokea. Fundi anayeongeza gesi bila ya kulitafuta tundu na kuliziba ajaza maji katika mtungi uliopasuka.

MATUNZO YA KILA WAKATI

Kwanza, mahali. Jokofu liwe mbali na jiko na mbali na jua la dirishani, na liachiwe nafasi ya kupumua nyuma na ubavuni, kiasi cha sentimita 5 hadi 10, au zaidi ikiwa kitabu chake kimesema hivyo. Juu yake pasirundikwe nguo wala magunia. Tazama pia kibandiko chake, ambacho aghalabu kimo ndani au nyuma, uone herufi za hali ya hewa. T maana yake limeundwa kufanya kazi katika chumba chenye joto hadi nyuzi 43 za sentigredi. ST ni hadi 38. N ni hadi 32 tu. Jokofu lenye herufi N likiwekwa katika jiko la pwani wakati wa kaskazi litateseka, hata likiwa jipya. Na ambaye jamaa yake amemletea jokofu kutoka Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni wa volti 120, asilichomeke katika umeme wetu wa volti 230 au 240, kwani litaungua papo hapo.

Pili, vumbi. Kila baada ya miezi mitatu au minne, chomoa plagi, livute jokofu, na ufagie mabomba ya nyuma kwa brashi laini. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, au yenye paka, ifanye hivyo mara nyingi zaidi. Sisi wa pwani tuongeze kazi moja: kufuta chumvi ya hewa ya bahari kwa kitambaa kilicholowa kidogo, kisha kukausha, kwani chumvi hula chuma, na chuma kikitoboka gesi hutoka.

Tatu, mpira wa mlango. Chukua noti, iweke kati ya mpira na jokofu, funga mlango, kisha ivute. Ikitoka bila ya kuzuiwa, mahali hapo hapafungi vizuri. Pima pande zote nne. Mara nyingi dawa yake ni kuosha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa kuwa sukari ya vinywaji na mafuta huufanya ugande na kukunjika. Ikiwa umepasuka, sharti ubadilishwe.

Nne, barafu. Katika majokofu yanayoota barafu, usiiache izidi unene wa nusu sentimita, kwani barafu ni kama blanketi, nayo huzuia joto la chakula lisifike kwenye mabomba. Zima umeme, acha mlango wazi, weka bakuli la maji moto ndani, na usubiri. Na hapa natoa onyo kwa kila mwenye haraka: usikwangue barafu kwa kisu. Nyuma ya barafu kuna bomba jembamba, na majokofu mengi yamekufa kwa ncha ya kisu. Saa mbili za subira ni rahisi kuliko gharama ya bomba lililotobolewa.

Tano, kiasi cha baridi. Weka kipima joto ndani ya gilasi ya maji katika rafu ya kati, uache usiku mzima, usome asubuhi. Sehemu ya chini yatakiwa isizidi nyuzi 5, na chumba cha kugandishia kiwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Zile tarakimu za swichi ya ndani si nyuzi za joto. Ni daraja tu za nguvu, na tarakimu kubwa ndiyo baridi kali.

Hapo sisi tulikosea. Jokofu lilipokuwa halipoi, kijana wa nyumbani alizungusha swichi hadi tarakimu ya mwisho, na baada ya usafi hapana aliyekumbuka kuirudisha. Asubuhi tuliikuta chupa ya insulini ya bibi, iliyokuwa imeegemea ukuta wa nyuma, imeganda. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka, na kuitumia ni kumdanganya mgonjwa. Tuliitupa, tukanunua nyingine. Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8. Basi mahali pake ni rafu ya kati, ndani ya kikopo, mbali na ukuta wa nyuma na mbali na chumba cha barafu. Wala isiwekwe mlangoni, ambako joto hupanda na kushuka kila mlango ufunguliwapo.

MARADHI YA JOKOFU NA DALILI ZAKE

Tabibu mwema huuliza kabla ya kuandika dawa. Nawe uulize kabla ya kumwita fundi.

Limenyamaza kabisa, na taa ya ndani haiwaki. Usiseme limekufa. Chomeka taa ya mezani au pasi katika soketi ile ile. Ikiwa nayo haipati umeme, kosa ni la soketi, au fyuzi, au swichi kuu.

Taa yawaka, lakini mashine hainguruma. Tazama swichi ya baridi. Huenda mtoto ameirudisha kwenye sifuri. Ikiwa ni jokofu lisiloota barafu, subiri nusu saa, kwani hupumzika lenyewe ili kuyeyusha barafu ya ndani. Ukisikia "tak" kila baada ya dakika chache bila ya mashine kuondoka, ama umeme una nguvu ndogo, ama kifaa kidogo cha kuiwashia mashine kimeharibika. Zitazame taa za nyumba: ikiwa zimefifia, chomoa plagi mara moja, kwa sababu mashine inayojaribu kuondoka bila ya nguvu huungua. Ikiwa taa ni nzuri, mwambie fundi akague kwanza kile kifaa kidogo, ambacho bei yake haifanani hata kidogo na bei ya mashine nzima.

Languruma bila kukoma, lakini halipoi. Haya ndiyo yaliyotupata sisi. Kagua vumbi, nafasi ya nyuma, mpira, barafu, na wingi wa chakula. Haya yote yakiwa sawa, na mashine ikinguruma saa nzima ilhali mabomba ya joto hayapati hata uvuguvugu, hapo ndipo panapoelekea kwamba gesi imetoka au mashine imechoka. Hiyo ni kazi ya fundi.

Juu kwaganda, chini hakupoi. Katika jokofu lisiloota barafu, baridi ya chini huletwa kutoka juu kwa feni kupitia matundu. Tazama kama chakula kimeyaziba. Ikiwa sivyo, huenda barafu imejificha nyuma ya ukuta wa plastiki. Zima, acha milango wazi siku nzima, kisha liwashe. Likipona kwa wiki moja na maradhi yakarudi, kile chombo cha kuyeyusha barafu ndicho kibovu.

Maji yajikusanya chini ya matunda na mboga. Nyuma kuna kitundu cha kutolea maji, nacho huzibwa na majani au makombo. Kizibue kwa kijiti laini na maji ya vuguvugu. Kazi hii haichukui robo saa, wala haihitaji malipo.

Lapiga kelele. Pengine limesimama upande, au bomba lagusa ukuta, au gilasi zagongana juu yake. Likiwa limesafirishwa kwa kulazwa, liache limesimama saa kadhaa, au siku nzima likiwa lililazwa kwa muda mrefu, ili mafuta yarudi katika mashine, ndipo uliwashe.

Lakupiga umeme ukiligusa. Hapa hapana majaribio. Zima swichi ya ukutani, chomoa, wazuie watoto, mwite fundi wa umeme aukague waya wa ardhini. Miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji yenye maji na jokofu lenye mshtuko ni mauti.

UMEME UKIKATIKA

Umeme ukikatika, chomoa plagi, kwani urudipo huja mara nyingi kwa kishindo. Ukirudi na kutulia, subiri dakika 5 hadi 10 ndipo uchomeke. Mashine ikiwashwa mara tu baada ya kuzimwa hukuta gesi bado ina shinikizo kubwa, ikashindwa kuondoka na kupata moto. Kile kifaa cha kulinda jokofu kinachouzwa madukani hufanya subira hii kwa niaba yako, nacho hukata umeme ukipungua au kuzidi.

Wakati wa giza, mlango usifunguliwe. Jokofu lililofungwa huhifadhi baridi ya kutosha kwa muda wa saa 4 hivi. Chumba cha kugandishia kilichojaa huweza kukaa saa 48, na kilichojaa nusu saa 24. Nyama, samaki, maziwa na wali uliopikwa, vikikaa katika joto la zaidi ya nyuzi 5 kwa muda uliopita saa 2, visiliwe. Wala usionje ili kujua. Vijidudu viletavyo maradhi aghalabu havina harufu wala ladha. Kutupa chakula ni jambo zito kwetu, nasi twajua uovu wa israfu. Walakini kuilisha familia kilichoharibika si kuweka akiba. Israfu ilianza pale tulipoacha kulitunza jokofu.

Na kuhusu nyama ya Idi yapo maneno mahsusi. Kibandiko cha jokofu aghalabu hutaja kilo ngapi laweza kugandisha katika saa 24, na katika majokofu ya nyumbani kiasi hicho ni kilo chache tu. Anayesukuma ndani mbuzi mzima, nyama ikali na joto la uhai, hulibebesha jokofu mzigo lisiouweza, na nyama ya katikati huharibika kabla ya kuganda. Basi toa kwanza fungu la maskini na la majirani, siku ile ile, kabla hujafikiria kuhifadhi. Kilichobaki kikate vipande vyembamba, kifungashe kidogo kidogo, kiache nafasi ya hewa kupita. Tazama jinsi sunna na ufundi vilivyokubaliana: agawaye mapema ndiye ambaye nyama yake haiozi.

GESI NA FUNDI MWAMINIFU

Mwaka 1928, huko Marekani, Thomas Midgley na wenzake waliunda gesi ya majokofu isiyoshika moto wala kuwa sumu, nayo ikaenea duniani kote. Baadaye ilidhihirika kwamba gesi za jamii hiyo huharibu tabaka la ozoni, linaloikinga dunia na miale mikali ya jua, na kwa mapatano ya Montreal ya mwaka 1987 mataifa yakakubaliana kuziacha. Ikafuata gesi ya R134a, ambayo haidhuru ozoni, lakini huongeza joto la dunia. Nayo imewekwa katika orodha ya gesi za kupunguzwa kwa mapatano ya Kigali ya mwaka 2016. Majokofu mengi mapya yanatumia R600a. Hii haina madhara hayo, lakini hushika moto.

Mwenye nyumba yampasa kujua haya kwa sababu jina la gesi limeandikwa kwenye kibandiko. Jokofu la R600a lisijazwe gesi nyingine, na mabomba yake yasichomelewe kwa moto kabla gesi haijaondolewa na chumba kupata hewa. Mwulize fundi maswali matatu: gesi gani hii, tundu liko wapi, na umelizibaje? Fundi mwaminifu atafurahi kuulizwa. Asiyejua atakasirika.

Na enyi vijana, ufundi huu ni riziki ya halali katika nchi ya joto. Ajifunzaye kwa mwalimu hodari, akapima kabla ya kusema, asitoze bei ya mashine mahali pa brashi, hatakosa wateja, wala hatakosa dua zao.

Neno la mwisho ni kuhusu jokofu lililokufa kweli kweli. Lisiachwe uani na mlango wake. Watoto hujificha humo katika mchezo, mlango ukafunga, na hewa ikawaishia. Marekani ilitunga sheria mwaka 1956 ili milango iweze kufunguliwa kutoka ndani, kwa sababu ya misiba ya namna hiyo. Ng'oa mlango siku ile ile unapolitoa jikoni.

Idi ile tulichinja mbuzi wetu, mafungu yakaenda kwa wenyewe kabla ya adhuhuri, na bibi akapata dawa yake salama katika kikopo chake, rafu ya kati. Brashi ya mjomba ingali imetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa jiko. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitunza neema alizotukabidhi. Amin.